Jinsi ya Kucheza Poka Baa na Klabuni Bila Kuvunja Sheria: Mwongozo kwa Wakazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali lile lile: je, tukikaa watano kwenye baa yetu ya kawaida hapa Kisumu, tukagawa karata na kuweka shilingi hamsini hamsini mezani, tumevunja sheria? Muulizaji huwa amekwisha kujijibu moyoni, kwa kuwa meza ya namna hiyo ameiona Kondele au Milimani, hajaona mtu akiisumbua, na kule kutosumbuliwa anakuchukulia kuwa ruhusa. Mimi leo ni mweka hazina wa klabu ndogo ya wanachama, na kabla ya hapo nilikuwa meneja wa baa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo swali hili nimelitazama nikiwa pande zote mbili za kaunta. Karata zenyewe hazina hatia. Kinacholeta hatia ni pesa na mlango, yaani kile kinachoshindaniwa mezani na watu wanaoweza kuingia humo kukishindania. Hatua zinazofuata ni za kuvipima vitu hivyo viwili kabla hujakaa mezani, au kabla hujamruhusu mteja wako akae.

Hatua ya kwanza: Jua unazungumzia mchezo gani

Vijana wengi wa mitaani kwetu wakisema "tucheze poka" huwa wanamaanisha kadi, ule mchezo wa kumaliza karata za mkononi ambao mtu anayekaribia kushinda lazima atangaze "niko kadi", na akisahau kutangaza anarudishwa nyuma huku wenzake wakimcheka. Poka ninayoizungumzia hapa ni ya Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, karata tano za wazi hulazwa katikati ya meza, na dau huwekwa katika raundi nne. Nimetaja tofauti hiyo ili tuelewane tu, kwa sababu mbele ya sheria jina la mchezo halisaidii kitu. Kadi ikichezewa pesa inaingia katika kapu lile lile.

Hoja ambayo wapenzi wa poka huitegemea sana ni kwamba mchezo huu ni wa akili, si wa bahati. Kama maelezo ya mchezo, hoja hiyo ina ukweli mwingi. Anayejua kuhesabu uwezekano na kusoma uso wa mwenzake atamaliza mwaka akiwa mbele ya yule asiyejua. Kama utetezi mahakamani, haina nguvu. Sheria ya Kenya ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 131, iliyotungwa mwaka 1966 na kutumika kwa karibu miaka sitini, iliutafsiri mchezo wa kubahatisha kuwa ni pamoja na ule unaochanganya bahati na ujuzi, ikiacha nje riadha na spoti tu. Karata zikishachanganywa na kugawanywa kifudifudi, bahati imekwisha kuingia, hata kama kilichobaki chote ni ujuzi. Waingereza, ambao sheria yetu ilirithi mengi kutoka kwao, walilijaribu jambo hili mwaka 2007 katika mahakama ya Snaresbrook, London, pale kiongozi wa klabu ya poka iliyoitwa Gutshot aliposhtakiwa chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 1968. Alijitetea kwamba poka ni mchezo wa ujuzi kama sataranji, na baraza la mahakama likamtia hatiani.

Mwaka 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, ambayo iliiondoa ile ya 1966 na kuweka Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari mahali pa bodi ya zamani iliyokuwa ikitoa leseni. Anayeendesha kamari kwa ajili ya umma bado anahitaji leseni, na aliye chini ya miaka 18 bado haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo mtu akikutolea nakala ya Sura ya 131 aliyoipakua miaka mitano iliyopita, mshukuru kwa historia, kisha umwombe ile ya 2025.

Hatua ya pili: Tazama mlango

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ina kifungu cha 182 kinachowahusu watu wanaoitwa wazururaji na wavurugaji wa utulivu, na miongoni mwao wametajwa wale wanaocheza mchezo wa kubahatisha kwa pesa, au kwa kitu chenye thamani ya pesa, mahali pa umma. Kifungu hiki ni cha tangu ukoloni na lugha yake inanuka ukoloni, lakini ndicho kinachomgusa mchezaji wa kawaida, wala si mwenye baa peke yake. Watu wengi hudhani kwamba "mahali pa umma" ni barabarani, sokoni au stendi ya matatu, na kwamba ukishaingia ndani ya jengo la mtu umejificha. Sivyo. Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwamba mahali pa umma ni pamoja na jengo lolote ambalo watu wanaruhusiwa kuingia kwa wakati huo, iwe bure au kwa sharti la kulipa. Baa ni mahali pa umma kuanzia mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa, na chumba cha nyuma chenye pazia bado ni sehemu ya baa ikiwa mteja yeyote anaweza kulisogeza pazia hilo na kuingia.

Klabu ya wanachama inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Ziko klabu za miaka mingi katika eneo letu, kama vile Nyanza Club ya Kisumu na Rift Valley Sports Club ya Nakuru, ambazo uanachama wake huombwa, hupendekezwa na kulipiwa ada. Ziko pia "klabu" nyingi ambazo ni klabu kwa jina la ubaoni tu, kwa sababu yeyote anayefika na mia mbili getini anakatiwa tikiti na kuambiwa kwamba kwa leo yeye ni mwanachama. Ukumbuke maneno "kwa sharti la kulipa". Uanachama wa kununuliwa getini usiku ule ule haubadilishi chochote. Mlango umebaki wazi kwa umma, umewekewa bei tu.

Kujipima ni rahisi. Simama nje ya mlango na ujiulize kama mgeni asiyemjua mtu yeyote ndani, akiwa amevaa vizuri na ana pesa, anaweza kufika kwenye meza ile ndani ya dakika kumi. Akiweza, hapo ni mahali pa umma.

Hatua ya tatu: Ifuate pesa mpaka mwisho

Hapa ndipo watu wengi huanguka, nami nilianguka. Katika baa niliyoisimamia, meza ya Alhamisi ilianza na njiti za kiberiti. Kila mchezaji alipewa njiti thelathini, aliyezimaliza alikwenda kutazama mpira, na hapakuwa na shida yoyote. Wiki ya tatu mtu mmoja akapendekeza njiti moja iwe shilingi kumi, "ili watu wacheze kwa makini". Wiki ya sita palikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga kando ya friji, na aliyeshinda fungu kubwa aliangusha humo sarafu ya ishirini "ya meza", kwa sababu umeme na viti ni vya baa. Mhudumu wa kaunta, kijana mwaminifu aliyependa kuandika kila kitu, alianza kuandika majina na kiasi cha kila mtu kwenye kurasa za mwisho za daftari la madeni ya bia. Maafisa wawili walipoingia usiku mmoja kukagua leseni ya pombe, waliomba daftari la mauzo, wakaligeuza, na kurasa zile zikafunguka zenyewe kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimeshikwashikwa zaidi. Karata hawakuzitazama hata kidogo. Nilikaa stesheni mpaka saa saba usiku nikieleza kopo la maziwa.

Tangu siku hiyo ninaitafuta pesa mahali patatu. Pa kwanza ni dau lenyewe, yaani kinachoingia katikati ya meza, na hapa usidanganywe na chipu za plastiki: chipu iliyonunuliwa kwa pesa au inayobadilishwa kwa pesa ni pesa. Mabadilishano yakifanyika kwa simu, hali inakuwa mbaya zaidi kuliko ya sarafu, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa una tarehe, saa na jina, na hukaa kwenye simu za watu wote wawili muda mrefu baada ya meza kufutwa.

Pa pili ni zawadi. Sheria haikusema pesa peke yake. Ilisema pesa au kitu chenye thamani ya pesa. Kreti ya bia, kilo mbili za nyama choma, kadi ya muda wa maongezi ya mia tano, mbuzi wa Krismasi, hivi vyote vina bei. Lile la "anayeshindwa anunue raundi" ni desturi ya kirafiki kweli, na sijaona mtu akikamatwa kwa ajili yake peke yake, lakini likiwa sharti la mchezo tangu mwanzo, ni dau lililovaa chupa. Yako pia mashindano ya kuingia bure ambayo mwenye baa hutoa zawadi mwenyewe. Wenye baa huyapenda kwa kuwa hakuna anayeweka dau, nao huona wamekwisha kuvuka. Mimi nayatazama kwa mashaka, kwa sababu tafsiri ya sheria ya zamani iliangalia kinachoshindaniwa, haikuangalia tu kilichotolewa na mchezaji; na mara nyingi ule ubure wenyewe si bure, maana ili upewe karata lazima kwanza ununue chupa mbili ambazo usiku huo zimepanda bei.

Pa tatu, na ndipo penye uzito mkubwa kwa mwenye nyumba, ni kamisheni: sehemu inayokatwa katika kila fungu, ada ya kukalia kiti, malipo ya mgawaji karata, au kopo kama lile langu. Mara tu nyumba inapopata chochote kutokana na mchezo, wewe si mwenyeji wa marafiki tena bali mwendeshaji wa kamari, na mwendeshaji asiye na leseni yuko katika hatari kubwa kuliko mtu aliyepoteza shilingi mia mbili kwa jozi ya wafalme. Hata nyumbani kwako Nakuru, ambako si mahali pa umma na ambako watu sita wanaweza kucheza baada ya chakula bila kifungu cha 182 kuwafikia, ukianza kukata asilimia na kuwaalika watu usiowajua, umeufungua mlango kwa mikono yako mwenyewe.

Hatua ya nne: Usinakili viwango vya Uingereza

Ukitafuta kwenye intaneti maelezo kuhusu poka katika baa, kurasa nyingi utakazopata zinaihusu Uingereza, na nimewahi kuona karatasi iliyobandikwa ukutani katika baa moja ya huku ikitaja kiwango cha juu cha dau kwa pauni. Viwango hivyo ni vya kweli, ila vya kwao. Sheria yao ya Kamari ya mwaka 2005, inayotumika England, Wales na Scotland, inairuhusu baa yenye leseni ya pombe kuwa na poka ya dau dogo bila kibali zaidi: dau la mtu mmoja lisizidi pauni 5 kwa mchezo, dau zote za poka katika baa hiyo zisizidi pauni 100 kwa siku, zawadi isizidi pauni 100, na nyumba isitoze ada ya kushiriki wala isikate chochote katika fungu. Klabu za wanachama huruhusiwa pauni 10 kwa mtu kwa mchezo, jumla ya pauni 250 kwa siku na 1,000 kwa wiki, mradi klabu iwe na wanachama wasiopungua 25 na isiwe imeundwa kwa ajili ya kamari. Nazo zinaweza kutoza ada ndogo ya pauni 1 kwa siku, au 3 ikiwa zina kibali maalumu cha michezo.

Nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu yanaonyesha jinsi sheria inavyoweza kulitengenezea jambo hili njia yake ya wazi. Kwetu, leseni iliyokuwa ikitolewa kwa meza za karata za pesa chini ya sheria ya 1966 ilikuwa leseni ya michezo ya umma, ile ya kasino. Usiibadilishe pauni 5 kuwa shilingi ukadhani umepata kiwango halali cha Kenya.

Hatua ya tano: Soma leseni zilizo ukutani kwako

Nyuma ya kaunta ya baa yoyote ya Kisumu au Kakamega utakuta fremu kadhaa zilizoingiwa na vumbi: kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya pombe, cheti cha afya, cha zimamoto, na pengine cha kupiga muziki. Zishushe uzisome moja moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kamari, na wingi wa fremu haujengi ruhusa ambayo haikuandikwa katika yoyote.

Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kazi zinazohusu burudani za umma, zikiwemo kamari, kasino na utoaji wa leseni za pombe, na kwamba serikali ya kitaifa nayo ilibakiziwa kamari ya ngazi ya taifa. Matokeo yake ni kwamba utakutana na ofisi mbili, na kila moja inaweza kukuambia uende kwenye nyingine. Usichoke. Hata kama unapanga usiku wa poka usio na senti moja, nakushauri uandike barua fupi kwa ofisi ya kaunti inayosimamia leseni za pombe na burudani, na nakala kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari, ukieleza jina la jengo na namba ya ploti, siku na saa za mchezo, kwamba hakuna dau wala ada wala zawadi yenye thamani, kwamba hakuna aliye chini ya miaka 18 atakayekaa mezani, na jina la mtu atakayesimamia. Peleka nakala mbili na uhakikishe moja imegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haikupi leseni, lakini siku ukiulizwa, itaonyesha kwamba ulisema kabla ya kuulizwa.

Mashine za sarafu, zile ambazo watu huziita bonanza, si sehemu ya mwongozo huu. Kama kuna mtu anataka kukuwekea moja pembeni ya meza yako ya poka na mgawane mapato, mwambie aondoke nayo.

Hatua ya sita: Panga usiku wa poka usio na pesa

Watu hunicheka ninaposema poka bila pesa inanoga, kwa kuwa wameiona ikichezwa vibaya, kila mtu akisukuma chipu zake zote katikati kwa kuwa hazimgharimu kitu. Dawa ni kuucheza kama ligi. Kila mchezaji aanze na chipu 1,500 na zikiisha asiongezewe. Dau za lazima, yaani chipu ambazo wachezaji wawili huziweka kabla ya karata kugawanywa, zianze 10 na 20 na zipandishwe kila baada ya dakika ishirini, ili wachezaji wanane wamalizane kwa muda wa saa tatu hivi. Aliyetoka hurudi wiki ijayo. Bandika karatasi ya manila ukutani yenye majina, mshindi apewe alama 10, wa pili 6, wa tatu 4, na jumla isomwe kila mwezi. Baada ya wiki ya nne utaona mtu mzima akitupa jozi ya malkia kwa uchungu kwa sababu ya alama mbili, na hapo utajua kwamba pesa haikuwa ndiyo kiungo.

Chipu ziwe za nyumba, zihesabiwe zinapotolewa na zinaporudi, wala zisitoke nje ya chumba. Usiweke bei juu yake hata kwa mzaha. Kama mnataka kombe, liwe la kupokezana, mali ya klabu au ya baa, ambalo mshindi hulishika kwa picha na kulirudisha kwenye rafu, maana kombe ambalo mtu analibeba kwenda nyumbani linaweza kuhesabiwa kuwa kitu chenye thamani. Tangazo la mlangoni liseme wazi kwamba hakuna dau, hakuna ada na hakuna zawadi, na kama wachezaji wawili wana mkataba wao wa siri pembeni, wakatazeni mapema na kwa sauti, mbele ya wengine.

Zingatia saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo sote tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa kuuza pombe kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kaunti nazo zimetunga sheria zake za pombe, kwa hiyo fuata saa zilizoandikwa kwenye leseni yako. Meza ya poka ina tabia ya kuwazuia watu viti vyao kupita saa ya kufunga, na wengi waliokamatwa "kwa ajili ya karata" walikamatwa, kwa kweli, kwa ajili ya saa.

Hatua ya saba: Kama ni klabu, iandike

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inahesabu klabu ya watu kumi au zaidi kuwa chama kinachopaswa kusajiliwa. Ikiwa kundi lenu la poka limefikisha watu kumi, lina jina, lina mweka hazina na linachanga kila mwezi, msingoje kuulizwa. Katiba ya klabu itaje madhumuni mapana, kama michezo ya mezani na ushirikiano wa wanachama; kamati ipitishe kwa maandishi kanuni za usiku wa karata, na mhtasari wa kikao hicho utiwe sahihi. Daftari la wageni lionyeshe mgeni, mwanachama aliyemleta na saa ya kuingia, na mgeni asiletwe na mtu aliyemjua kwenye ngazi. Mchango wa mwezi usikusanywe mezani wakati karata zinagawiwa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa mtu anayechungulia dirishani, noti ya mia mbili inayopita juu ya karata ni dau, hata kama ni ada ya mwezi wa Machi.

Hatua ya nane: Anayetaka pesa aende penye leseni

Kuna watu ambao bila pesa hawachezi, na mwongozo huu hauwahukumu. Njia yao ni kasino yenye leseni, au jukwaa la mtandaoni lililopewa leseni Kenya, si meza ya baa. Omba kuona namba ya leseni na uihakikishe kwa Mamlaka yenyewe. Simu iliyofungua tovuti ya nje isiyo na leseni haiwi halali kwa kuwa imeshikwa na mteja aliyenunua bia. Na kwa mwenye baa anayefikiri kuomba leseni ya kuendesha meza za pesa, amwone wakili kabla ya kununua hata deki moja, kwa sababu leseni hizo zimeundwa kwa ajili ya kampuni zenye mtaji, na baa ya viti thelathini haitaziweza kwa kuazima.

Hatua ya tisa: Polisi wakija

Acha karata zilipo. Mtu anayezizoa na kuzitupa chini ya meza anageuza mchezo halali kuwa siri, na afisa yeyote atauliza sababu. Msimamizi asimame, aseme "Karibu, afande," ajitambulishe, aonyeshe leseni, tangazo la mlangoni, karatasi ya alama na nakala ya barua yenye muhuri. Wachezaji wengine wakae kimya. Wachezaji sita wakieleza kwa pamoja hutoa maelezo saba.

Wakiamua kukukamata, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja na kwa lugha unayoielewa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo ziishie nje ya muda wa kazi wa mahakama, hapo ikawa siku inayofuata ya kazi. Pana pia haki ya dhamana. Usitoe pesa barabarani wala ndani ya gari. Dhamana ya taslimu hulipwa stesheni na hutolewa risiti, na tukio huandikwa kwenye kitabu cha OB, ambacho namba yake unaweza kuiomba. Kama wamechukua vitu, omba orodha iandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili papo hapo: deki ngapi, chipu ngapi, daftari gani, na ikiwa kulikuwa na pesa, zilikuwa kiasi gani na zilitoka mfukoni mwa nani au mezani. Mimi usiku ule sikuomba orodha, na kopo la maziwa lilipofika stesheni lilikuwa na sarafu nne, wakati nilikuwa na hakika kwamba zilikuwa kumi na moja.